Maji ya Kioo: Kutoka Upepo wa Tairi Hadi Pampu ya Umeme

Leo tuache kidogo mambo ya kodi (zile za programu, si za serikali) tuzungumze juu ya gari.

Jumatatu jioni nilikuwa nyuma ya lori Mombasa Road, mvua imekatika lakini barabara bado ni tope. Lori likanimwagia lote kwenye kioo cha mbele. Nikavuta swichi ya maji. Mota ikalia, maji hayakuja, na waipa ikapaka tope kama siagi kwenye mkate. Kwa sekunde kadhaa sikuona chochote ila taa nyekundu za lori. Nilipopata pa kusimama nikajaribu kioo cha nyuma: maji yakaruka vizuri kabisa!

Fundi akaniambia mota imekufa, ninunue pampu. Sikuridhika na jibu hilo. Ili mjue kwa nini, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 1903 Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipata hataza ya waipa baada ya kumwona dereva wa tramu New York akihangaika na theluji. Ilikuwa ya kuvutwa kwa mkono. Baadaye magari mengi yakaendesha waipa kwa uvutaji wa hewa wa injini, na hapo kukawa na kasoro moja ya ajabu: ukikanyaga mafuta kupanda mlima, uvutaji unapungua na waipa inazubaa. Yaani inachoka pale pale unapoihitaji.

Maji nayo yalikuwa na vituko vyake. Land Rover za zamani zilikuwa na kitufe kwenye dashibodi, unakibonyeza kwa kidole na nguvu ya kidole chako ndiyo inayorusha maji. Lakini bingwa wa vituko ni Volkswagen Beetle, kobe yule yule aliyeshinda Safari Rally mwaka 1962. Beetle nyingi zilichukua upepo kutoka tairi ya spea! Paipu ilitoka kwenye tairi hadi tangi la maji, na vali ikafunga upepo kabla tairi haijalegea sana. Kwa hiyo maji yakigoma, kitu cha kwanza kupima kilikuwa upepo wa spea.

Kuanzia Januari 1, 1968, sheria ya Marekani ilidai magari mapya ya abiria yawe na mtambo wa kuosha kioo. Pampu ndogo ya umeme wa volti 12 ndiyo iliyokuja kutawala. Kisha magari yenye waipa ya nyuma yakaleta ujanja ninaoupenda sana: pampu moja, mota moja, waya mbili, midomo miwili. Ukigeuza chanya na hasi, mota inazunguka kinyume, na presha ya maji inasukuma kipande cha mpira ndani ya pampu kifunge mdomo mmoja na kufungua mwingine. Mbele au nyuma, biti moja tu!

Gari langu lina pampu ya aina hiyo. Sasa mnaona kosa la fundi: mota iliyokufa haiwezi kuosha kioo cha nyuma.

Jumamosi nikafungua plastiki ya ndani ya matairi, nikachomoa plagi na kuweka multimita. Ukivuta swichi, volti 12. Ukisukuma, volti 12 zenye alama ya kutoa. Waya ni nzima. Nikarudisha plagi, nikang'oa paipu ya mbele pale kwenye pampu na kuvuta swichi: mota inazunguka, maji yanadondoka kama machozi. Paipu yenyewe nikaipuliza kwa mdomo, haijaziba. Kilichobaki ni ule mpira wa ndani, ambao haufunguliki.

Kwa hiyo ndiyo, nilinunua pampu, Kirinyaga Road. Fundi alipatia dawa, akakosea ugonjwa.

Kuibadilisha ni dakika kumi. Haina bolti, imeshikwa na mpira kwenye tangi. Weka beseni chini, ivute, lowesha mpira mpya, sukuma. Usiijaribu bila maji, pampu hizi huharibika zikizunguka kavu.

Nikavuta swichi kwa furaha. Kioo cha nyuma kikaoga. Nilikuwa nimebadilishana paipu mbili, kwa hiyo beseni likarudi chini.