Taa Iliyobandikwa Tepu

Baba yangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 22. Kwenye dashibodi yake kulikuwa na taa moja ya onyo ambayo sikuwahi kuiona ikiwaka, kwa sababu alikuwa ameiziba kwa kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme. Likizo moja, nikiwa kidato cha pili, alinichukua nikae katikati, kati yake na utingo. Tulipoanza kupanda Kitonga nikamuuliza ile tepu ni ya nini.

"Hiyo taa mwongo," akasema. "Inawaka hata gari likiwa halina tatizo. Ukiisikiliza hufiki."

Niliikumbuka tepu hiyo mwaka jana, ndani ya basi la kutoka Geneva kwenda Torino, tulipoingia handaki la Mont Blanc. Ni kilomita 11.6 chini ya mlima: unaingilia Ufaransa, unatokea Italia. Barabara ni moja na magari yanapishana humo humo. Dereva alishikilia mwendo uleule, maana hairuhusiwi kuzidi kilomita 70 kwa saa wala kujikokota chini ya 50, na alikaa mbali na lori la mbele. Umbali huo ni mita 150 kwa sheria. Abiria wengi walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa nahesabu milango ya vyumba vya usalama, kwa kuwa nilisoma habari za handaki hilo kabla ya kukata tiketi, jambo ambalo simshauri mtu.

Handaki lilifunguliwa Julai 1965. Asubuhi ya tarehe 24 Machi 1999, lori la Ubelgiji liliingia kutoka upande wa Ufaransa likiwa na tani 12 za unga wa ngano na tani 9 za majarini, ile ambayo kwetu kila mtu anaiita blueband hata kama si yenyewe. Unga na majarini! Mzigo wa kukandia maandazi. Kwa kanuni za wakati ule haukuwa mzigo wa hatari. Lakini majarini ikiyeyuka ni mafuta, na lori lenyewe lilikuwa na tangi la dizeli.

Dereva aliona magari yanayokuja yakimmulika. Akatazama, akaona moshi unatoka chini ya kichwa cha lori, akasimama karibu katikati ya handaki. Kabla hajaufikia mtungi wa kuzimia moto, kichwa chote kikashika moto. Akakimbia kwa miguu kuelekea Italia, akapona. Waliokuwa nyuma yake, upande wa Ufaransa, wakabaki kwenye foleni.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, New York, 1927. Mwaka huo lilifunguliwa Holland Tunnel chini ya mto Hudson. Wahandisi wake hawakuumizwa kichwa na moto kama walivyoumizwa na moshi wa kawaida wa magari, ule wenye kaboni monoksidi inayoua bila harufu. Clifford Holland, ambaye handaki lina jina lake, alifariki 1924 kazi ikiwa haijaisha, na Ole Singstad ndiye aliyesimamia mfumo wa hewa: feni 84 zinazobadilisha hewa yote kila baada ya sekunde 90. Ulikuwa ushindi mkubwa, na mahandaki mengi yaliyofuata yalirithi fikra hiyo kwamba kazi ya feni ni kuwapa watu pumzi.

Mont Blanc, siku ile, fikra hiyo iligeuka. Handaki lilikuwa na kampuni mbili na vyumba viwili vya udhibiti, kimoja kila upande wa mpaka. Upande wa Italia, mfereji wa hewa ambao ungeweza kugeuzwa unyonye moshi uliachwa ukisukuma hewa safi ndani. Nia inaeleweka. Lakini hewa ile ilichochea moto na kuusukuma moshi kuelekea Ufaransa, kwenye foleni. Joto lilifika nyuzi 1,000. Moto uliwaka saa 53. Walikufa watu 39, wengi wao ndani ya magari yao au hatua chache kutoka hapo. Vyumba vya usalama vilikuwapo, lakini vilijengwa kuhimili moto kwa saa chache tu, na ukishaingia huna njia nyingine ya kutoka isipokuwa mlango ule ule uliopitia.

Katika kimoja cha vyumba hivyo, namba 20, alikutwa Pierlucio Tinazzi, mlinzi wa handaki wa upande wa Italia, pamoja na dereva wa lori. Tinazzi alikuwa ameingia kwenye moshi na pikipiki yake kusaidia watu. Nchi yake ilimtunuku medali ya dhahabu baada ya kufa.

Kilichonifanya niikumbuke tepu ya baba ni jambo dogo zaidi. Kitambuzi cha moto kilichokuwa karibu na mahali lori liliposimama hakikuwa kinafanya kazi. Kilikuwa kimezimwa kwa sababu kilikuwa kinatoa taarifa za uongo.

Kesi ilisikilizwa Bonneville, hukumu ikatoka Julai 2005. Handaki lenyewe lilikuwa limefunguliwa tena Machi 2002, na kwa kweli ni handaki jingine. Uendeshaji uko chini ya amri moja. Kila mita 100 kuna tundu la kunyonya moshi, na vyumba vya usalama, kila mita 300, vimeunganishwa na njia ya kutorokea chini ya barabara. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo ya usalama kwa mahandaki yanayozidi mita 500 kwenye barabara zake kuu. Kamera zinatambua zenyewe gari lililosimama. Vihisi vinapima uchafu wa hewa ili feni zizunguke pale zinapohitajika tu, umeme usiteketee bure. Na kabla lori halijaingia, linapita kwenye geti linalosoma joto lake: breki, matairi, injini. Likiwa limechemka, linasimamishwa nje.

Geti hilo ndilo nilitaka kumsimulia baba. Tulipotoka upande wa Courmayeur, jua likatupiga usoni, nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeshavuka?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza:

"Sasa hiyo mashine ikisimamisha magari mazima mara kumi kwa siku, hawataizima?"

Nikasema nadhani siku hizi kuna watu wamewekwa kuhakikisha haizimwi. Akaguna.

"Baba, ile tepu ulikuja kuitoa?"

"Ipi?"

"Ya kwenye taa. Kwenye lori."

Nikasikia redio yake kwa nyuma, na kuku.

"Gari liliuzwa nayo," akasema.