Fundi Saa: Kazi Yake Hasa Ni Nini

Fundi saa ni mtu mwenye ujuzi wa kuunda, kutengeneza na kurekebisha saa. Kwetu jina hilo moja hupewa anayebadilisha betri na pia anayeweza kuchonga kipuri kisichouzwa tena popote. Kazi zao si sawa, na mwenye saa ya urithi ni vyema aijue tofauti kabla ya kuitoa mkononi.

Ndani ya saa

Saa ya kamani haina betri. Ukiitia ufunguo, kamani hujikunja. Ikijikunjua huzungusha magurudumu ya meno, nayo huzisukuma akrabu. Bila kizuizi, nguvu yote ingeisha mara moja. Kwa hiyo mna kipande kidogo kinachozuia na kuachia jino moja moja, kwa kufuata mwendo wa gurudumu la mizani. Mlio wa saa tunaousikia ni wa kipande hicho. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kila saa, yaani mara 432,000 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayopotea dakika moja kwa siku imekosea sehemu moja tu katika 1,440. Hata hivyo mwenyewe hulalamika, na ana haki.

Waliotangulia

Mwaka 1206 al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha vyombo vya ufundi, zikiwamo saa za maji. Uingereza, seremala John Harrison alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuunda saa ya baharini. Ya nne ilipelekwa Jamaika mwaka 1761 kujaribiwa, ili mabaharia wajue wako wapi mashariki au magharibi. George Daniels (1926–2011) aliunda saa nzima kwa mikono yake, jambo ambalo mafundi wachache sana wameliweza. Kisha, tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ikatoa saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi kuuzwa madukani. Saa zikawa rahisi na sahihi zaidi, na mafundi wengi wakakosa kazi.

Amana

Mteja haoni kilicho ndani ya saa yake; hapo ndipo fundi hupimwa. Nilipokuwa karani nilipeleka saa ya marehemu baba kusafishwa. Ilirudi ikitembea vizuri, lakini namba iliyochorwa kwenye mashine haikuwa ile niliyoiandika daftarini. Kasha lilikuwa la baba, moyo ulikuwa wa mtu mwingine.

Fundi wa kweli huifungua saa mbele yako, hukuonyesha kilichoharibika, na hukurudishia kipuri kilichotolewa. Huisafisha na kuitia mafuta mapya, kwani ya zamani hukauka na chuma kikalika. Asiloliweza husema hawezi.

Kwa familia zilizoko Ghuba, ambako saa mpya hununuliwa kila kona, ya babu husahaulika kabatini. Itoeni. Mwombeni fundi aifungue mbele yenu, andikeni namba ya mashine, pigeni picha, kisha ndipo mkubaliane bei. Na mkimpata fundi anayesema kweli, mwambieni na jirani.