Swan Lake Ni Moja, Versheni Ni Mob: Venye Utalinganisha Baleti Kwa Simu Ukiwa Kakamega

Ukitaka kuona baleti live hapa Kenya, mara nyingi itabidi ushuke Nairobi. Dance Centre Kenya wamekuwa wakifanya The Nutcracker pale Kenya National Theatre, lakini ukitoka Kakamega hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 350, fare ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala. Kwa msee wa Lurambi, Amalemba ama Shirere, ukumbi wa karibu zaidi uko mfukoni: simu.

Na simu ina kitu ukumbi hauna. Kwa ukumbi unaona versheni moja, mara moja, basi. Kwa simu unaweza kuona kipande kimoja kikichezwa London, Paris na St Petersburg ndani ya nusu saa. Hapo ndipo utamu uko. Watu wengi huwatch moja tu, wanaona madansa wamevaa nyeupe wakizunguka kwa ncha ya vidole, wanaboeka, wanahamia TikTok. Hawakupewa kitu cha kupima nacho.

Hii hapa rada ya kuanza.

Kulinganisha unajua tayari

Kama umesoma shule ya Kenya, hii kazi umeshaifanya. Kumbuka tamasha za muziki: set piece ni moja, shule ni kumi. Noti ni zile zile, maneno ni yale yale. Shule ya kwanza ikiimba unaona iko sawa. Ya tatu ikimaliza, ushajua nani alikimbiza, nani sauti zake za juu zilianguka, na nani alifanya ukumbi unyamaze. Haukuwa jaji. Ulisikia tu kitu kimoja mara nyingi hadi masikio yakafunguka.

Isukuti pia iko hivyo. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara. UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, lakini mtu wa Shinyalu ama Ikolomani hahitaji UNESCO kumwambia ni kikundi gani kinapiga fiti na ni gani kimekuja kula tu matanga. Ameona vingi.

Baleti inaonwa kwa njia hiyo hiyo. Hakuna Swan Lake moja iliyokaa kama filamu. Kuna muziki, kuna hadithi, kuna hatua za zamani ambazo zimepitishwa kutoka kwa dansa hadi dansa, halafu kila kampuni inachonga yake.

Chagua moja: Swan Lake

Usianze na baleti tano. Chukua Swan Lake, ju ina versheni nyingi na vipande vyake ni rahisi kupata.

Hadithi kwa ufupi: Prince Siegfried anakutana na Odette, dem ambaye amerogwa na Rothbart. Mchana yeye ni bata maji, usiku anarudi kuwa mtu. Uchawi utavunjika tu akipata mwanaume atakayeapa kumpenda na asivunje kiapo. Rothbart anamleta binti yake, Odile, anafanana na Odette kabisa. Siegfried anaingia box, anaapia mtu asiye. Kawaida dansa mmoja ndiye anacheza Odette na Odile, na hiyo ndiyo sababu hii role inaogopwa: lazima uwe mpole na uwe mjanja usiku huo huo.

Muziki ni wa Tchaikovsky. Mara ya kwanza ilichezwa Moscow mwaka 1877, hatua zikiwa za Julius Reisinger, na haikuwika sana. Tchaikovsky akafariki 1893. Mwaka 1895 Marius Petipa na Lev Ivanov wakaiunda upya St Petersburg, na karibu kila versheni ya kawaida unayoiona leo inatoka kwa hiyo. Kwa hivyo hata ile "original" watu wanapigania kwa comments ni remix.

Usianze na onyesho zima, anza na vipande vitatu

Swan Lake nzima inakula zaidi ya saa mbili. Bando italia. Chukua vipande hivi, kila kimoja kwa kampuni tatu tofauti.

*1. Swans wadogo wanne, Act 2.* Madansa wanne wameshikana mikono kwa kupishana, wanaenda pamoja kwa kama dakika moja na nusu. Hakuna mahali pa kujificha. Angalia vichwa: vinageuka pamoja ama kuna mmoja amechelewa? Halafu angalia magoti na miguu, kama yote inapanda kimo kimoja. Hiki ndicho kipande rahisi zaidi kwa beginner, ju kosa unaliona hata kama hujui jina la hatua yoyote.

*2. Densi ya Odile na Siegfried, Act 3.* Hapa ndipo kuna zile fouetté 32, kuzunguka kwa mguu mmoja huku ule mwingine ukipiga hewa kama mjeledi. Muitaliano Pierina Legnani ndiye alizileta kwa Swan Lake ya 1895. Kila mtu huhesabu. Hesabu, sawa, lakini pia angalia sakafu: ameanza hapo katikati na akamaliza hapo, ama amesafiri hadi karibu na okestra? Na usikatae dansa ju hajafanya zote 32. Maya Plisetskaya wa Bolshoi alijulikana kwa kuziacha na kuzunguka jukwaa kwa kasi badala yake, na bado ni mmoja wa majina makubwa kabisa ya hii role.

*3. Mwisho.* Hapa ndipo kampuni zinatofautiana wazi kabisa. Kwa ile ya 1895, Odette na Siegfried wanajitupa ziwani na wanaungana baada ya kifo. Kwa versheni ya Konstantin Sergeyev ya 1950, ambayo ndiyo Mariinsky wanajulikana nayo, Siegfried anamng'oa Rothbart bawa na mapenzi yanashinda. Wasovieti walipenda watu waende nyumbani na matumaini. Rudolf Nureyev naye, kwa versheni yake ya Paris ya 1984, anamwacha prince chini na Rothbart anapaa na Odette. Na kwa ile ya Liam Scarlett ya Royal Ballet, 2018, Odette anakufa na Siegfried anabaki na mwili wake.

Muziki ule ule, miisho minne. Jiulize ni gani imefanya zile dakika zote kabla yake ziwe na maana. Ukiweza kujibu hilo na sababu, ushaacha kuwa mtazamaji wa kupita tu.

Vitu vinne vya kupima

*Mikono na mgongo.* Shule ya Kirusi inajulikana kwa mgongo unaopinda sana na mikono mirefu kama bawa. Wafaransa wanasifiwa kwa miguu safi na ya haraka. Waingereza wanasifiwa kwa kuigiza. Sio sheria, lakini inakupa mahali pa kuanzia.

*Kasi ya muziki.* Kondakta mmoja anaenda pole, mwingine anasukuma. Kabla useme dansa ni slow, sikiliza okestra.

*Uso.* Odile akitabasamu, anamtega Siegfried ama anatutega sisi?

*Kundi la nyuma.* Wale swans wote ndio ziwa lenyewe. Kama mistari yao imevunjika, star hawezi kuokoa onyesho.

Trick moja: YouTube inakuruhusu kupunguza kasi hadi nusu. Itumie kuhesabu mizunguko na kuona mguu unatua wapi. Halafu rudi kwa kasi ya kawaida, ju baleti ya slow motion hufanya kila mtu akae malaika.

Bando na mahali pa kuwatch

Kwa makadirio ya Netflix, video ya HD inaweza kula hadi karibu GB 3 kwa saa, na ya kawaida hadi GB 1. Chukua hiyo kama kipimo: kipande cha dakika 10 kwa HD ni kama MB 500, kwa kawaida ni kama MB 170. Versheni tatu kwa HD ni GB 1.5, kwa kawaida ni nusu GB. Weka 480p. Ukishuka hadi 144p umeokoa bando lakini miguu imegeuka ukungu, na miguu ndiyo ulikuja kuona. Kama uko na WiFi ya chuo pale MMUST ama ya mtu wako, fanya downloads huko.

Ya bure: chaneli za YouTube za Royal Ballet and Opera na English National Ballet zina vipande na mazoezi. OperaVision huweka maonyesho mazima, mengi ni opera lakini baleti hupita. Kuna pia World Ballet Day, iliyoanza 2014, ambapo kampuni kubwa zinaonyesha mazoezi yao bure.

Ya kulipia: Royal Ballet and Opera Stream, Marquee TV, medici.tv na Paris Opera Play. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni. Ukichukua siku za bure za kujaribu, weka alarm ya kuikatiza kabla ziishe.

Kamera ni jaji wa pili

Kwa ukumbi wewe ndiye unachagua pa kuangalia. Kwa simu director amekuchagulia. Akivuta uso wakati miguu inafanya kazi, huwezi kusema miguu ilikuwa mibaya, hukuiona. Kwa hivyo linganisha video zinazofanana: onyesho na onyesho, mazoezi na mazoezi. Clip ya sekunde 15 iliyokatwa pale pazuri pekee haiwezi kupimwa na mtu aliyecheza usiku mzima. Na video ya miaka ya 60 usiipime kwa kimo cha mguu cha leo. Enzi hizo walikuwa wanatafuta kitu kingine.

Lakini hii ni yetu kweli?

Hapa ndipo utaulizwa mtaani: kwani wewe umekuwa mzungu? Jibu liko. Joel Kioko alikulia Kuwinda, Nairobi, akafunzwa Dance Centre Kenya, akaingia English National Ballet School London. Kibera nako Project Elimu ya mwalimu Mike Wamaya inafunza watoto baleti.

Na kuna Dada Masilo wa Soweto, aliyefariki Desemba 2024. Yeye hakungoja ruhusa. Swan Lake yake ya 2010 ilimfanya Odile kuwa mwanaume na kuchanganya baleti na densi za Kiafrika. Halafu 2017 akachukua Giselle. Kwa ile ya Paris ya 1841, Giselle anakufa kwa uchungu wa kudanganywa, kisha mzimu wake unamsamehe na kumwokoa yule jamaa. Kwa ya Masilo, mizimu inaongozwa na sangoma, na Giselle hasamehi.

Weka hizo Giselle mbili kando kwa kando. Unamsamehe ama humsamehe? Hilo ni swali la matanga, la harusi, la mahali popote watu hudanganyana, na mtu wa Kakamega ana haki ya kulijibu sawa na mtu wa Paris. Kitu kinachohitajika ni kuwa ameona zote mbili.

Anza na swans wanne, dakika moja na nusu, kampuni tatu. Halafu tuambie nani aliharibu mstari.