Adam Smith na Ushahidi wa Nusu

Kila yanapotajwa mambo ya soko huria, wapo wanaomleta Adam Smith kuwa shahidi wao. Husema: huyu ndiye baba wa elimu ya uchumi, naye alitaka serikali iondoe mkono wake katika biashara, kila mtu atafute faida yake, na mambo yatajitengenea yenyewe. Wanaompenda humsifu kwa hayo, na wanaomchukia humlaani kwa hayo hayo. Lakini je, ndivyo alivyosema?

Smith alizaliwa Kirkcaldy, Scotland, mwaka 1723, akasomesha elimu ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1759, kilihusu maadili. Kile cha utajiri wa mataifa kilitoka mwaka 1776. Ni kweli kwamba humo aliutetea sana uhuru wa biashara. Lakini ule "mkono usioonekana" uliotangaa duniani kote, ameutaja mara moja tu katika kitabu hicho kikubwa.

Alichokipinga zaidi ni sheria zilizowanufaisha wachache, kama kampuni ya Kiingereza iliyopewa peke yake biashara ya Bara Hindi. Alionya kwamba wafanyabiashara hukutana wakapatana kupandisha bei, na kwamba matajiri hula njama kimya kimya kushusha ujira, hali vibarua wakipatana huadhibiwa. Basi alipoitaka serikali ijiweke kando, khasa alitaka isiwe mtumishi wa wenye mali.

Tena aliipa serikali kazi kubwa: ulinzi, hukumu za haki, barabara na madaraja, na kusaidia masomo ya watoto wa maskini. Alitaka mabenki yazuiwe kutoa noti ndogo ndogo. Aliunga mkono hata sheria ya kuweka mpaka wa riba, ambayo kwao ilikuwa asilimia 5, mpaka Jeremy Bentham akaandika kumpinga mwaka 1787. Naye mwenyewe, tangu mwaka 1778 mpaka alipokufa mwaka 1790, alikuwa kamishna wa forodha!

Ndugu msomaji, hatusemi kwamba Smith ni mwenzetu. Yeye aliiruhusu riba ya kiasi. Kwetu riba ni haramu, ndogo na kubwa. Na khofu ya watu juu ya walanguzi wa nafaka aliifananisha na khofu ya uchawi. Sisi tunajua kwamba bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei, kwa kuchelea kumdhulumu mtu, lakini pia alikataza kuhodhi chakula. Na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), alieleza kuwa wauzaji wakiwadhulumu watu, mtawala aweza kuwalazimisha wauze kwa bei ya uadilifu.

Tofauti hizo zipo, na tuzitaje. Ila tusimzulie mtu. Mwenye kushika nusu ya maneno na kuificha nusu, ushahidi wake ni wa uwongo, hata kama kila neno alilolitaja ni la kweli. Na maneno hayo ya nusu yakiingia katika sheria, anayeumia ni kibarua na mnunuzi wa kibaba. Qur'ani, katika Sura Al-Maida aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Ikiwa chuki si udhuru, mapenzi yatakuwaje udhuru?