Gari Letu Kuukuu: Historia Yake na Hesabu Zake

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya kikundi chetu utakuta habari za hisa, mikopo na mfuko wa msiba. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za mali yetu moja ambayo Bangwe yote inaifahamu, na ambayo mkutano mkuu ujao unatakiwa kuiamulia: iuzwe au ibaki. Nayo ni lile gari letu jeupe, Toyota Mark II, lile linaloitwa GX 100.

Tulilinunua katika mwaka wa sita wa kikundi, likiwa limeshatumika na wenzetu wa mbali. Limebeba maharusi, limepokea wageni uwanja wa ndege, limewapeleka wazazi Hospitali ya Maweni usiku wa manane. Sasa wapo wanachama wanaosema limezeeka, linakula hela, tuachane nalo. Wapo wanaosema haliuzwi ng'o. Kabla hatujaanza kunyosheana vidole, ni vema tujue magari ya namna hii yalitufikiaje, na waliotutangulia waliyatunzaje.

ENZI ZA BENZI NA PEUGEOT

Zamani gari la fahari lilikuwa Mercedes-Benz. Na sifa yake haikuwa ya viti laini peke yake. Katika mashindano ya magari ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Mercedes lilishinda mara tatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961, kwenye vumbi na matope kama ya kwetu. Peugeot 404 likashinda 1963, 1966, 1967 na 1968, na mdogo wake 504 akashinda 1975 na 1978. Watu wakaona kumbe gari la starehe si lazima liwe legelege. Baada ya Uhuru wakubwa waliopanda Mercedes wakabandikwa jina la Wabenzi, na mwaka 1967 Azimio la Arusha likaja kuwabana viongozi wasijilimbikizie mali.

Kisha ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vikala akiba ya nchi. Fedha za kigeni zikakosekana, na spea zikakosekana pamoja nazo. Kwa mtu wa Kigoma ilikuwa mbaya zaidi, maana kitu kikipatikana Dar es Salaam kilikuwa bado kina safari ya reli ya kilometa kama 1,250.

Hapo ndipo mafundi wetu walipoonyesha ujuzi wao. Gari moja bovu lilichinjwa ili mengine yatembee. Chuma kisichopatikana kilichongwa au kuchomelewa. Tairi kuukuu lilikatwa likawa bushi. Ilipofika 1984 Serikali ikaruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na hali ikaanza kulegea kidogo kidogo. Lakini katika miaka ile migumu, gari lililopona ni lile ambalo mwenyewe alilishughulikia kabla halijalala. Wahenga walishasema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

MJAPANI ANAINGIA

Kuanzia miaka ya 1990 magari ya mtumba ya Japani yakamiminika nchini. Watu hujiuliza, hivi Mjapani anauzaje gari zima? Sababu ipo. Kwao gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona heri wauze wanunue jipya. Tena wao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo stelingi haihitaji kuhamishwa. Ndiyo maana gari la mwenye nacho wa huko linaweza kumalizia uzee wake huku Bangwe.

Sasa hapa, akina mama, tusikilizane vizuri. Gari la fahari likizeeka bei yake hushuka, ila chakula chake hakishuki. GX 100 ina silinda sita, kwa hiyo ina plagi sita, wakati gari dogo lina nne. Mtu hununua gari kubwa kwa bei ya gari dogo, kisha anashindwa kulilisha, na baada ya mwaka linakuwa banda la kuku.

Kilichotusaidia sisi ni kwamba gari letu lina ndugu. Mark II ya wakati huo ilitengenezwa pamoja na Chaser na Cresta, na spea zao nyingi zinaingiliana. Injini ya aina hiyo imefungwa hata kwenye Crown. Kwa hiyo likichinjwa moja kati ya hao, letu linapata dawa.

TUNALITUNZAJE

Utaratibu wetu ni huu. Gari likirudi kazini, kabla hela haijafika kwenye mfuko mkuu, fungu moja linaingia kwenye sanduku la gari, lenye kufuli lake na daftari lake. Hatungojei livunjike ndipo tupitishe bakuli.

Kwanza ni oil. Inamwagwa kila kilometa 5,000 pamoja na filta yake, hata kama dereva anaapa kuwa bado nzuri.

Pili ni rejeta. Maji ya ziwa letu yana magadi na madini mengi. Yakichemka huacha ukoko kama ule tunaouona ndani ya birika, na ukoko huo huziba rejeta. Rejeta ikiziba injini inachemka, gasketi inaungua, silinda hedi inapinda. Ndiyo maana dereva wetu haruhusiwi kuchota ziwani. Tunamwekea maji ya mvua yaliyochujwa na dawa ya rejeta.

Tatu ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000. Kwa kuwa hatukujua mwenye gari wa kwanza aliubadilisha lini, tuliubadilisha mara tu tuliponunua.

Nne ni bushi, boljointi na shokapu, maana mashimo yetu hayana huruma na gari lililo chini. Kitu cha stelingi au breki tunanunua kipya. Taa, kioo na mlango hata vya mtumba vinatosha.

Urembo unakuja mwisho kabisa. Mlango uliobonyea haumzuii mzazi kufika Maweni, ila breki iliyokufa inamzuia.

MFANO ULIO MBELE YA MACHO YETU

Anayedhani kitu cha zamani hakina maisha na aitazame historia ya MV Liemba. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikatekwa, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini zinafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi ya siku moja iliokoa chombo kilichozamishwa majini.

Huko Ugiriki nako, dereva mmoja wa teksi wa Thessaloniki aliendesha Mercedes 240D ya mwaka 1976 kwa kilometa milioni 4.6, akiwa na injini za akiba alizokuwa akizibadilisha kwa zamu. Mwaka 2004 gari lile likapokewa kwenye makumbusho ya kiwanda. Kitunze kidumu, ndivyo tulivyofundishwa.

TUAMUE KWA DAFTARI

Maoni yetu tunayoyaleta mbele ya mkutano ni haya. Tusiamue kwa mapenzi wala kwa hasira. Daftari la gari lisomwe lote: lilichoingiza kwa mwaka, ukitoa mafuta, posho ya dereva na matengenezo. Likibaki na faida, gari libaki. Siku injini, giaboksi au kutu ya bodi itakapodai hela kuliko thamani ya gari lenyewe, tuliuze likiwa bado linatembea, maana gari linalotembea lina mnunuzi na lililolala lina mkebe.

Na uamuzi wowote utakaopita, lile sanduku lisivunjwe. Tukinunua gari jingine, boti au mashine ya kusaga, nacho kitazeeka, nacho kitataka grisi yake. Kwa hiyo kila mwanachama anaombwa apite kwa mweka hazina alisome daftari kabla ya siku ya mkutano, aje akiwa na hesabu mkononi.