Wauguzi 121,700 na Kidonge cha Kukoma Hedhi

Mwaka 1976 wauguzi wa kike katika majimbo 11 ya Marekani walipokea bahasha zenye dodoso. Aliyezituma, Daktari Frank Speizer wa Boston, alitaka hasa kujua madhara ya vidonge vya kupanga uzazi, na aliwachagua wauguzi kwa kuwa wanayajua majina ya dawa na maradhi. Walijibu 121,700. Kila baada ya miaka miwili wakaulizwa tena, na baadaye wakaombwa hata kucha za miguu. Makumi ya maelfu walizikata wakazituma kwa posta.

Wengi wao walikuwa wanakaribia kukoma hedhi, na dawa ya kutuliza joto la ghafla na jasho la usiku ilikuwapo tangu 1942. Ndiyo Premarin, estrojeni itolewayo katika mkojo wa farasi majike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, aliandika katika kitabu chake Feminine Forever kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na homoni ndiyo tiba. Kitabu kiliuzwa sana. Kwamba watengenezaji wa dawa walikuwa wakimfadhili, wasomaji hawakuambiwa. Mwaka 1975 tafiti mbili zilionyesha kuwa estrojeni ikitumika peke yake huongeza saratani ya mji wa mimba. Ikabidi iambatane na projestojeni, homoni inayoukinga mji huo.

Mwaka 1985 majibu ya wauguzi yalionyesha kwamba waliotumia homoni walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wenzao. Hapo madaktari walikimbilia mbali mno: dawa ya joto la ghafla wakaifanya kinga ya moyo, wakawaandikia hata wanawake wasio na dalili yoyote. Wauguzi walisema kweli. Ila mwenye kumeza homoni mara nyingi ndiye pia aliyekuwa na afya njema na kumwona daktari mara kwa mara, na dodoso haliwezi kuyatenganisha hayo yote.

Jaribio la kuyatenganisha likafanywa: wanawake 16,608, baadhi wakapewa homoni zote mbili na wengine vidonge visivyo na dawa. Julai 2002 likasimamishwa kabla ya muda wake. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti iliongezeka kwa 8, kiharusi 8, maradhi ya moyo 7. Kuvunjika nyonga kukapungua kwa 5. Magazeti yalipiga mbiu, na wanawake wengi wakaacha dawa. Wachache waliuliza umri wa washiriki. Wastani ulikuwa miaka 63, zaidi ya mwongo mmoja baada ya hedhi ya wengi kukoma.

Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kwa mwanamke asiyefika miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mwenye dalili zinazomsumbua na asiye na kizuizi cha kiafya, faida za homoni kwa kawaida huzidi hatari. Kumlinda moyo si sababu ya kumwandikia.

Kwa hiyo leo muuguzi ndiye anayeuliza: hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Kizazi kimetolewa? Umewahi kupata damu kuganda mguuni, kiharusi, saratani ya matiti, au kutokwa damu kusikoeleweka? Dada na mama mnaosoma, mkifika kliniki na asipowauliza, mwambieni ninyi kabla hamjapokea dawa.