Kusimulia ukweli kwa ufundi: Nafasi ya makundi ya waandishi katika kukuza nathari ya kweli

NATHARI ya kweli ni utanzu unaojumuisha wasifu, tawasifu, kumbukumbu, masimulizi ya safari na makala ndefu kuhusu maisha ya watu. Mwandishi wake huazima mbinu za hadithi, zikiwemo uchoraji wa wahusika, mandhari na mazungumzo, lakini hana ruhusa ya kubuni tukio hata moja.

Hapo ndipo penye ugumu wake. Mwandishi wa riwaya akikwama, hubuni. Mwandishi wa nathari ya kweli akikwama, hana budi kurudi kuuliza. Kwa hivyo, utanzu huu unahitaji wenzi wa kumhoji mwandishi kuliko tanzu nyingine za nathari.

Baadhi ya wasomaji hudhani kuwa uandishi wa aina hii ni mgeni kwetu. Sivyo. Hamed bin Muhammed, aliyefahamika zaidi kama Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Katika kitabu Safari za Wasuaheli, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia.

Shaaban Robert aliuendeleza utanzu huu katika Wasifu wa Siti Binti Saad, unaohusu mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Zanzibar, na katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Hapa Kenya, marehemu Ken Walibora, anayekumbukwa kwa riwaya ya Siku Njema, alituachia tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama, iliyotoka mwaka 2014.

Mfano bora wa kundi la waandishi lililoupa utanzu huu nafasi ni jarida la Kwani? la Nairobi. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa andiko lililotokana na safari yake mwenyewe ya kurejea Kenya kutoka Afrika Kusini na kuzuru jamaa za mamake nchini Uganda. Tuzo hiyo hutolewa kwa hadithi fupi, jambo linaloonyesha jinsi mpaka kati ya hadithi na kumbukumbu ulivyo mwembamba.

Toleo la kwanza la Kwani? lilitoka mwaka 2003. Kurasa zake, nyingi zikiwa kwa Kiingereza, zilichanganya hadithi, mashairi na masimulizi ya mambo halisi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, jarida hilo lilikusanya na kuchapisha ushuhuda wa wananchi kuhusu yaliyowafika. Funzo ni kwamba kundi lililozoea kusimulia ukweli huwa tayari taifa linapohitaji kumbukumbu.

Je, kundi dogo la waandishi, liwe la chuoni, la maktaba au la mtaani, litaanzia wapi?

Kwanza, lianze na swali moja: "Ulijuaje?" Kila mswada unaposomwa kwa sauti, wenzake mwandishi wamuulize alivyopata kila jambo. Je, aliliona mwenyewe? Aliambiwa na nani? Kuna barua, picha au cheti cha kulithibitisha?

Tuchukue mfano wa mwandishi anayesimulia maisha ya babu yake. Anaandika kuwa mzee huyo aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1980. Mwenzake anayejua historia atamkumbusha kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika hilo likasambaratika pamoja nayo. Basi ama mwaka si sahihi ama mwajiri alikuwa mwingine. Mwandishi atarudi kwa mzee, na huenda akatoka huko na kisa kizito kuliko kile alichokwenda kusahihisha.

Pili, kundi lifundishane kutofautisha tukio na muhtasari. Kusema kwamba babu aliteseka kazini ni muhtasari. Kumwonyesha akitoka zamu ya usiku, mikono imejaa grisi, akihesabu mshahara ili apate karo ya watoto, ni tukio. Hata hivyo, grisi hiyo ni lazima iwe imetajwa na mzee mwenyewe au na aliyeishuhudia.

Tatu, kuna suala la mazungumzo. Hakuna mtu anayekumbuka neno kwa neno yaliyosemwa miaka 40 iliyopita. Mwandishi mwaminifu huripoti kiini cha maneno hayo, au humwambia msomaji waziwazi kwamba hivyo ndivyo anavyoyakumbuka. Kukiri mipaka ya kumbukumbu hakupunguzi utamu wa masimulizi. Humfanya msomaji amwamini msimulizi.

Nne, pana heshima ya wanaosimuliwa. Maradhi ya shangazi, talaka ya jirani au deni la rafiki si mali ya mwandishi. Kundi liwe na desturi ya kuuliza iwapo mhusika amepewa nafasi ya kutoa kauli yake, na iwapo jina lake linafaa kutajwa. Pale jina linapobadilishwa, msomaji ajulishwe.

Tano, wanakikundi wagawane kazi. Mmoja akague tarehe na majina ya mahali, mwingine akague lugha, na wa tatu asome kama msomaji asiyejua lolote kuhusu kisa hicho. Mwandishi asikilize kwanza bila kujitetea, kisha aende akarekebishe.

Kwa nini tujisumbue hivi? Kwa sababu msomaji akigundua uongo mmoja, hutilia shaka kurasa zote, hata zile za kweli tupu. Isitoshe, wazee waliojionea miaka ya hali ya hatari na siku za mwanzo za uhuru wanazidi kupungua. Mengi wanayoyajua hayamo katika kitabu chochote, na hakuna atakayeweza kuyabuni upya watakapokuwa wametutoka.

Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Kumbukumbu za jamii nazo ni mali, na kundi la waandishi linaweza kuwa daftari lake. Kalamu ipo na wazee wangalipo. Kinachohitajika ni kwenda kuwauliza mapema.